Konje Niliyoirudisha

Konje ya uzazi, ile likizo ya kazini, niliipata bila kuzaa. Mdogo wangu alikufa akijifungua, akaacha binti, na baba wa mtoto ni dereva wa lori, halali nyumbani siku mbili mfululizo. Direkta wa shule ninapofundisha, katika komini ya Kenya, mtaa wa mji wetu wala si nchi, alikuna kichwa: "Mama, tumbo haikukuwa yako." Nikamjibu kwamba mtoto ni wangu tangu jana. Akanipa miezi mitatu. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu, sijawahi kubeba mimba, na nilijua huyu ndiye mtoto pekee nitakayepewa.

Kosa nililifanya mwenyewe, tena kwa akili timamu. Niliogopa wakwe wa mdogo wangu, walio mbali kule Pweto, wasije na maneno. Basi siku ya kumwandikisha mtoto nikampa jina la nyanya yake, mama wa baba, nipate kumtuliza. Jirani yangu hapa Katuba akashika kiuno: "Eh! Umemupa muntu majina yake, atakuya kuikamata." Nikamcheka. Lakini ndivyo ilivyo kwetu: mwenye jina ana haki juu ya mtoto anayelibeba.

Nilichoka, jamani! Kuchemsha chupa, kukoroga maziwa ya mukebe, moto wa umeme umekatika, makala ya jiko yamelowa, na tumbo la mtoto linasokota toka asubuhi. Nilisinzia nimesimama. Siku moja nilimfokea: "Nyamaza basi, hata mimi sina mama!" Kisha nikalia naye.

Wiki ya saba nyanya akafika na kitunga cha samaki wakavu. Hakupiga kelele, angepiga, ningejua la kufanya. Alimpakata mtoto, akamwita kwa jina lao wote wawili.

"Mama, aksanti sana," akaniambia. "Nimekuya kukamata majina yangu. Binti yangu iko ananyonyesha kule Pweto, mabele yake inatosha batoto babili. Weye unamupa mukebe."

"Ngoja hata konje yangu iishe, mama."

"Mutoto hangojake konje."

Chupa ilikuwa palepale mezani, maziwa yameganda pembeni. Jina nilimpa mimi, na maziwa sikuwa nayo. Nikamfunga mtoto mgongoni kwa bibi huyo kwa kitenge changu, maana ndicho mtoto alichokizoea.

Wiki nzima nililala. Usingizi wote niliokuwa nikiutamani ulikuja, uchovu haukutoka. Nikaamka, nikaoga, nikaenda kwa Direkta.

"Umebakiza wiki tano, mama. Pumuzika."

Nikamwambia konje ilikuwa ya mtoto, na mtoto hayuko, anirudishie darasa langu. Akanisogezea karatasi niandike sababu. Niliandika: mtoto amepata mlezi mwingine.

Kabla sijatia sahihi, simu ikalia. Ni nyanya, kutoka Pweto.

"Mama, furahi! Siku tatu alikuwa anakataa mabele, analia tu, tukaogopa. Tukasema kesho tumurudishe kwako. Leo ameshika! Ananyonya!"

Nikasema Mungu asifiwe. Direkta naye, aliyesikia yote, akasema asifiwe. Nikatia sahihi.

Wala sikumwambia yeyote nilichokuwa nikikifanya kitandani wiki ile. Nilikuwa nikisali akatae ziwa, wachoke naye, wanirudishie. Mtoto wa mdogo wangu, nilimwombea njaa.