Unono wa Nchi ya Farao

Maneno ya "kula unono wa nchi" niliyasikia mara ya kwanza nyumbani kwetu Kisesa, kinywani mwa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Ni miaka ile biashara ilipofunguliwa, viwanda vya sangara vikaota Mwanza kama uyoga. Yeye alikuwa ameshapata kazi katika kimoja, amepanga chumba Mkuyuni. Alikuja na mikate miwili na viatu vinavyong'aa.

"Kaka, uza hao ng'ombe. Njoo mjini tule unono wa nchi."

Ng'ombe walikuwa kumi na mmoja. Majina yao ninayo yote mpaka leo, na ya mama zao. Nikasema ng'ombe hawauzwi wote siku moja, hata kwenye msiba.

"Shemeji, wewe uliolewa na kaka au na ng'ombe?"

"Bila ng'ombe, kaka yako angekuwa bado anajipikia."

Wakacheka wote wawili. Lakini nilimwona mume wangu anavyotazama vile viatu.

Mimi shule niliishia darasa la pili, Biblia nilikuwa naisikia tu. Unono nilijua ni yale mafuta yanayopanda juu ukitikisa maziwa kwenye kibuyu: ni kidogo, na ndio utamu wote. Nikaenda kwa mke wa katekista, mama mtu mzima anayesoma vizuri. Nikampa shikamoo yake, nikamwuliza maneno yale yametoka wapi.

Akafungua Mwanzo. "Ni ya Farao. Wakati wa njaa aliwaita ndugu zake Yusufu waje Misri, wasihangaike na vitu vyao, watapewa kilicho bora."

"Wakaenda?"

"Wakaenda, na wazee na watoto."

"Wakala?"

"Wakala, wakaongezeka." Hakufunga kitabu. Alilowesha kidole, akafunua mbele. "Kisha akaja mfalme mwingine, asiyemjua Yusufu. Wajukuu wao wakafyatulishwa matofali kwa viboko."

Nilirudi nyumbani juani. Nikamweleza mume wangu yote.

"Sisi tunakwenda miaka miwili mitatu tu," alisema. "Tukusanye, turudi tununue wengine."

"Hata wale walisema wamekwenda kama wageni tu."

"Umekuwa padri sasa?"

Siku ya mnada aliwaswaga wote. Niliingia zizini nikasimama peke yangu. Mavi yalikuwa bado yanafuka mvuke.

Hatukumaliza wiki mbili Mkuyuni, asubuhi moja tukaongozana mpaka kiwandani. Mimi nilifuata mapanki, ile mifupa na vichwa vya sangara vinavyobaki nyama ikishatolewa kwenda Ulaya. Mume wangu alikwenda kupanga foleni ya vibarua getini. Wanaume walikuwa wengi.

Msimamizi akatoka. Shemeji akamkimbilia. "Bosi, ndiye huyu kaka yangu."

Bosi hakumwuliza jina wala alikotoka. Alimshika mkono juu ya kiwiko, akaminya, akaminya tena, kama mnunuzi anavyompapasa dume.

"Huyu bado ana nguvu. Aingie."

Shemeji akanigeukia, meno yote nje. Mume wangu hakunitazama. Aliingia huku amejishika pale alipominywa, na geti likafungwa nyuma yake.