Mbwa Aliyeugua Jumapili

Mume wangu alipofariki aliniachia kibanja cha migomba na mibuni hapa Nyabiyonza, nyumba ya matofali yenye ua mpana, na mbwa mmoja. Kibanja kilikuwa na watu wengi waliokitamani. Mbwa hakutamaniwa na mtu. Mume wangu alikuwa amemtoa Nyakatuntu, upande wa Kyerwa, akiwa mdogo kiasi kwamba alipokunywa maziwa alitumbukiza na masikio. Alimpa jina la kumsema mtu fulani, kama ilivyo desturi yetu kwa mbwa, na kwa kuwa mtu huyo bado yuko hai, jina hilo sitaliandika hapa.

Kila msimu wa kahawa mbwa huyo ndiye aliyelinda ua. Tukishachuma, kahawa huanikwa juu ya turubai hadi ikauke, na kwa muda wote huo ni mali iliyolala chini, nje, mbele ya macho ya kila apitaye. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ambaye nyumba yake iko upande wa pili wa migomba yangu, alikuwa ameniambia tangu mwaka wa kwanza wa ujane wangu kwamba kahawa ianikwe kwake.

"Kwangu kuna uzio wa mabati, shemeji. Wewe una nini?"

"Nina mbwa," nilimjibu.

Nilikataa kwa adabu, lakini nilikuwa na sababu. Kahawa ikishaanikwa katika ua wa mtu mwingine, mwenye kahawa huja kuambiwa imetoka magunia mangapi. Mimi sikutaka kuambiwa. Kwa hiyo mwaka ule, Mei ilipoingia na mbwa akaanza kukonda, mbavu zikionekana na manyoya yakipukutika mgongoni, nilielewa mara moja ni nini kilichokuwa hatarini. Mbwa akifa kabla ya Juni, kahawa yangu ingevuka migomba kwenda kwenye ule uzio wa mabati.

Niliamua kwamba chakula chake kilikuwa duni. Alikuwa akila makombo ya ndizi na maharage, na siku nyingine ugali mkavu. Jumamosi, tarehe sita Mei, nilikwenda Omurushaka kwenye duka la dawa za mifugo, ambako niliona gunia la chakula cha mbwa limefunguliwa, linauzwa kwa kilo. Muuzaji alikuwa kijana mchangamfu kupita kiasi, na uchangamfu wa muuzaji hunifanya nishike pochi yangu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hiki kimetengenezwa na nini?"

"Hicho kinatoka nje, mama. Mbwa wako atang'aa mpaka majirani waje kuomba mbegu."

"Nimeuliza kimetengenezwa na nini."

"Si unaona picha hapo kwenye gunia?"

"Picha ni ya mbwa. Unaniambia kimetengenezwa kwa mbwa?"

Wateja wawili nyuma yangu walicheka. Mimi nilikuwa nikigeuza gunia. Nilijifunza kusoma katika darasa la watu wazima, nikiwa tayari na watoto wawili, na mtu aliyesoma kwa kuchelewa hapiti mbele ya maandishi bila kuyasoma. Nilitafuta tarehe ya mwisho wa matumizi. Haikuwepo.

"Tarehe iko wapi?"

"Ilikatika tulipofungua, mama."

"Gunia lina pande nne. Mkakata palepale palipo na tarehe?"

"Mama, wewe ni mwalimu?"

"Mimi ni mnunuzi."

Nilinunua kilo moja tu, ya kujaribia, na bei yake ingenitosha nyama ya kula mwenyewe. Jumapili jioni, niliporudi kutoka kanisani, nilimkuta mbwa ametapika. Alikuwa akinywa maji bila kukoma na kusugua pua yake kwenye majani. Nikamlaani yule kijana na gunia lake lisilo na tarehe, na punje zilizobaki nikazifukia ardhini.

Wiki iliyofuata nikageukia dagaa. Sokoni kuna dagaa wa kuliwa na watu, na kuna dagaa wa mifugo, waliovunjikavunjika na kukusanywa pamoja na mchanga wa mwaloni, kule ziwani wanakoanikwa. Tofauti ya bei ni kubwa, ndiyo maana nilinunua hao wa mifugo, lakini niliwapepeta kwenye ungo, nikawaosha mara tatu mpaka chumvi ikatoka, nikawachemsha na pumba za mahindi. Pumba nilizifuata mwenyewe mashineni na kuzinusa kabla ya kulipa, kwa sababu pumba zenye ukungu huua kuku, na sikuona sababu ya kuamini kwamba zingemhurumia mbwa. Mbwa alikula vizuri Jumatatu, Jumanne, hadi Jumamosi. Jumapili, tarehe kumi na nne, alitapika.

Nikawashuku wauza dagaa. Nikaacha dagaa na kwenda buchani kuomba mapafu ya ng'ombe, ambayo watu wengi hawayataki na huuzwa kwa bei ya chini. Mwenye bucha aliniongezea mifupa bila kuombwa, nami nikamuuliza kwa nini.

"Ni ya bure, mama."

"Ndiyo maana nauliza."

Mifupa nilimrudishia. Mapafu niliyachemsha kwa muda mrefu, maana nyama mbichi ya ndani humtia mbwa minyoo, nikayakatakata na kuyachanganya na ndizi zilizopikwa bila kitunguu wala chumvi. Mbwa alianza kunenepa. Nilimwona siku ya Ijumaa akimkimbiza paka wa jirani hadi barabarani, nikafurahi. Jumapili, tarehe ishirini na moja, nilirudi kutoka ibadani nikamkuta amelala chini ya mgomba, macho yanamtoka machozi, ute unamdondoka, na matapishi kando yake.

Jioni hiyo sikumlaani mtu. Niliketi jikoni nikazirudia tarehe kichwani. Chakula nilikuwa nimekibadilisha mara tatu. Duka lilikuwa tofauti, soko tofauti, bucha tofauti. Kitu kimoja tu hakikubadilika, nacho ni siku. Hakuna chakula duniani kinachojua kwamba leo ni Jumapili. Anayejua ni mtu.

Asubuhi ya Jumatatu nilichukua kijiti nikapekua alichotapika. Palikuwa na vipande vya maini, nami sikuwa nimenunua maini, na katikati ya maini palikuwa na mbegu ndogo za pilipili. Marehemu alikuwa na vidonda vya tumbo, na pilipili haikuingia jikoni mwangu tangu alipougua. Nilisimama pale nikiwa na kijiti mkononi. Wezi wa kahawa, kila mtu anajua, kwanza humzoesha mbwa chakula. Sumu huja mwishoni.

Wiki hiyo niliwashuku watu wote. Nilimshuku mwenye bucha na mifupa yake ya bure. Nilimshuku jirani wa barabarani, ambaye mbuzi wake walikuwa wamefukuzwa kutoka kwenye maharage yangu. Wafugaji waliopita na ng'ombe kuelekea Kimuli walinisalimu, nami nikawajibu huku nikitazama mikono yao.

Jumapili, tarehe ishirini na nane Mei, nilivaa kitenge changu kizuri, nikachukua Biblia na kufunga mlango wa mbele kwa kishindo. Njiani niliwasalimu watu kwa sauti kubwa kuliko kawaida yangu. Nilipofika kwenye kona nikaingia katika migomba, nikazunguka, nikarudi kupitia mlango wa jikoni. Nikaketi nyuma ya dirisha la sebule, Biblia mapajani, nikasubiri.

Hatua zilisikika kutoka upande wa migomba. Mbwa aliinuka. Hakubweka. Mkia wake ulianza kucheza, nami nikasikia sauti ya mwanaume ikimwita kwa Kinyambo, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto ale uji. Nikafungua dirisha.

"Shemeji. Misa yenu leo imeisha mapema?"

Alishtuka hadi jani la mgomba alilobebea maini likaanguka.

"Eeh! Mama wewe! Nilidhani uko kanisani."

"Najua ulidhani."

"Nimemletea mbwa maini."

"Na pilipili."

"Kidogo tu, shemeji. Mbwa wa mwanamke anakuwa mpole mno. Baba yetu ndivyo alivyowafanya mbwa wake: maini na pilipili, mara moja kwa wiki, kabla ya kahawa kuchumwa. Hakuna aliyethubutu kupita kwetu. Wewe unakaa peke yako, mimi nakufikiria."

"Na unanifikiria nikiwa kanisani tu?"

"Ningekuambia ungekataa."

"Ningekataa."

"Sasa si unaona?"

Ni kweli kwamba wazee wa hapa waliamini pilipili humfanya mbwa awe mkali. Baba mkwe nilimfahamu, na mbwa wake nawakumbuka: walikuwa wakali, na hawakuishi sana. Huenda shemeji alisema kweli. Lakini mbwa alikuwa bado akimtazama yeye, mkia ukicheza.

"Shemeji, ulitaka awe mkali. Mbona wewe umeingia na hakubweka?"

"Ananijua."

"Amekujua lini? Siku ya Pasaka alikubwekea mpaka ukapanda juu ya kuni zangu."

Alicheka. Mimi sikucheka. Kisha akaacha kucheka, akainama, akaokota yale maini pamoja na jani lake.

"Basi kahawa ianikwe kwako," alisema, "lakini usije kusema hukusaidiwa."

"Nitasema nilisaidiwa. Na kuanzia leo, mbwa huyu analishwa na mkono mmoja."

Tangu siku hiyo nilimpikia mwenyewe, kwa sufuria yake: pumba mpya, dagaa waliooshwa, mapafu siku ya gulio, na pale ng'ombe walipokuwa na maziwa mengi, maziwa yaliyokwisha kutolewa siagi, ambayo wafugaji huyauza kwa bei nafuu. Jumapili zote kabla ya kahawa kuanikwa nilimfungia jikoni hadi nirudi, na ufunguo nilikwenda nao kanisani. Kutoka mkono mwingine wowote hakupata hata tonge. Manyoya yakaota upya, na mbavu zikafunikwa.

Mwisho wa Juni kahawa ilikuwa imetanda kwenye turubai, nyekundu ikianza kuwa nyeusi, nami nilikuwa nikiigeuza kwa reki nilipomsikia mbwa akiripuka kwa kubweka upande wa migomba.

"Shemeji!" sauti iliita. "Shemeji, mwite mbwa wako! Ananibwekea mimi!"

Nilisikia. Nilimaliza kwanza mstari niliokuwa nikiugeuza, hadi mwisho wa turubai, ndipo nikamwita.