Tela la Boti ya Mama Pale Mazwi

Mimi ndiye niliyevunja tela la kwanza. Naanza na hilo kwa sababu pale Mazwi mpaka leo wapo wanaosema lilivunjwa na ng'ombe wa kina Masanja, na ng'ombe hawana wa kuwatetea. Nilipanda ndani ya boti ya mama ikiwa juu ya tela uani kwetu, nikashika kasia, nikawaamuru wenzangu wasukume. Kuanzia uani kwetu mpaka barabarani ni mteremko. Wakasukuma.

Enzi zetu watoto walikuwa watiifu.

Ndiyo, nimesema enzi zetu. Najua niko kidato cha tatu, na najua kuna watu wazima watakaosoma hapa na kuuliza huyu mtoto wa juzi ana enzi gani. Ninazo. Nilikuwa darasa la nne, na mambo ya darasa la nne hayarudi hata ukiwa bado unavaa sare. Waliosoma nami wanajua. Tulikwenda shule na kuni kwapani, baridi ya mwezi wa saba ikitupasua midomo mpaka ukicheka unatoka damu, kwa hiyo aliyekuwa na kichekesho kizuri alikuwa adui wa darasa. Mimi nilikuwa adui namba moja. Tulivaa sweta zilizovaliwa na kaka, na kabla ya kaka, na dada. Tulichonga magari ya mabua ya mahindi yenye breki ambazo hazikushika, na tukirudi nyumbani tulikuta ugali wa ulezi umekauka juu kama udongo wa kiangazi, tukaumega hivyo hivyo na maharage ya jana. Mdogo wangu Keni leo akipewa ugali wa ulezi anauliza umeungua wapi.

Sasa turudi kwenye mteremko.

Lile tela alilitengeneza baba kabla hajaondoka kwenda machimboni Chunya. Magurudumu mawili ya pikipiki, fremu ya mbao za mkaratusi, na misumari mingi sana, kwa kuwa baba aliamini misumari. Lilikuwa limefanya safari moja tu, kuipandisha boti kutoka Kabwe, ufukweni mwa ziwa, mpaka kwetu nyuma ya pikapu ya Mzee Nassoro, tena kwa mwendo wa maandamano ya kanisani. Mimi nilikuwa ndani, napiga kasia hewani, wakati gurudumu la kushoto lilipokunjika kama chapati. Fremu ikapasuka. Boti ikateleza peke yake, na mimi ndani yake, ikavuka barabara na kusimama mbele ya duka la Mzee Nassoro, ikaziba mlango wote.

Mzee Nassoro alitoka akiwa na kijiko cha kupimia sukari mkononi. Akaitazama boti, akanitazama mimi.

"Shikamoo babu," nikasema.

"Marahaba nahodha. Unashusha abiria au unapakia?"

Wenzangu wote walikuwa wameshayeyuka. Masanja peke yake ndiye aliyebaki kule juu, anacheka hadi amekaa chini. Nilipoulizwa nikawasingizia ng'ombe wa kina Masanja. Kipigo sitakieleza. Kila msomaji wa rika langu anacho chake na anakikumbuka bila msaada wangu.

Lakini kipigo hakikuwa jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni kwamba ziwa lilikuwa limefungwa ili samaki wazaliane, na lilikuwa linakaribia kufunguliwa. Mama alikuwa anauza migebuka, samaki wa ziwa hilo, sokoni miaka yote, akinunua kwa bei wanayotaka wenye boti, mpaka alipojinunulia boti ndogo ya mbao na kuwapata wavuvi wake kule Kabwe. Mvua zikianza, tunalima, boti inapanda kwetu. Mahindi yakishaingia ghalani na ziwa likafunguliwa, boti inashuka. Aliwahi kuiacha ufukweni masika yote. Wenyeji wakaitumia kama ya kwao, ikamrudia na tundu ambalo unapitisha kichwa. Tangu hapo akasema boti yake italala inapolala yeye. Na wale wavuvi walishamwambia wazi kwa simu: siku ziwa likifunguliwa, boti isipokuwepo ufukweni wanaingia ya mtu mwingine, msimu mzima. Mzee Nassoro alikuwa anashuka Kabwe Jumamosi. Tela lilivunjika Jumatatu.

Watu walicheka. Ni lazima mjue jinsi Mazwi inavyocheka, haifichi meno. Boti kwenye uwanda wa juu, ziwa liko huko chini mwendo wa kutwa. Walimwita Mama Safina. Akipita, mtu anatazama mawingu na kumwuliza gharika lini. Mama alikuwa anajibu, "Nitakwambia ukiwa umeshachelewa," anaendelea na beseni lake kichwani.

Jioni ile ile baba mkubwa akaja. Huyu ni kaka yake baba, na baba akiwa hayupo yeye ndiye sauti ya ukoo, hata pale ambapo ukoo haujaombwa kusema. Alikaa, akapewa chai, akaitazama boti iliyokuwa imeegeshwa kwenye mawe.

"Mama Deo, mimi nasema hivi. Iuze. Mbao zile ni ngumu, mtu atajengea banda la nguruwe na atakushukuru. Wewe rudi sokoni, ununue samaki kama wanawake wenzako."

"Shemeji, chai inapoa."

"Nazungumza habari ya boti."

"Na mimi nazungumza habari ya chai."

Alipigiwa baba. Baba akapanda kichuguu kule Chunya ili mtandao ushike, akasema fanyeni mnavyoona. Maneno hayo kila mtu aliyachukua kama ruhusa yake.

Kesho yake asubuhi mama alinishika mkono, tukaenda nyuma ya gereji ambako kulikuwa na pikapu iliyokufa zamani, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Alitaka difu la nyuma, ule mhimili wa magurudumu, na springi zake. Mwenye gereji akakubali kulipwa maharage. Ng'ombe wa kina Masanja wakaja kulivuta lile difu mpaka kwa Fundi Osi, mchomeleaji, na Masanja njia nzima ananiambia nisiwaangalie ng'ombe machoni maana wameshasikia ninavyowasingizia. Familia yao ilikuja Rukwa kutoka Usukuma na mifugo, na Masanja alizungumza na ng'ombe kwa heshima kuliko alivyozungumza na sisi.

Fundi Osi alifanya kazi kweli. Siku ya Alhamisi tela likasimama: vyuma vya engo, springi za pikapu, matairi ya gari yenye upara lakini mazima, kuta pande zote mbili, rangi ya bluu iliyobaki kwenye geti la mtu. Akalijaribu kama wanavyojaribu matela Ufipa yote: akapakia magunia ya mahindi mpaka juu, akawapandisha vijana juu ya magunia, akaliburuza barabarani na kurudi. Halikulia hata kidogo. Watu wakapiga makofi. Fundi akajifuta mikono kwa madaha.

Kisha vijana wakaibeba boti kutoka uani kwetu, tukaipandisha.

Fundi Osi alikuwa hajawahi kutengeneza tela la kitu kingine zaidi ya mahindi na maharage, na mikono yake ilijua gunia. Gunia unalitupa, linakaa. Boti ilikaa juu ya zile kuta, tumbo linaning'inia, ukiigusa huku inainuka kule. Masanja aliisukuma kwa kidole kimoja, ikayumba kama mtu aliyetoka kilabuni.

"Tutaifunga kamba," akasema fundi.

"Haitakwenda hivyo," mama akasema.

"Mama, tela hili limebeba magunia mbele ya macho yako."

"Gunia lina kitako. Boti haina kitako. Kata hizo kuta."

"Nikate? Nimechomelea leo hii. Leta wiki ijayo, nina mageti ya watu."

Baba mkubwa alikuwepo, maana jambo likiharibika yeye hupita kwa bahati. Akasema si nilisema. Akalirudia, kwa wale waliokuwa mbali.

Mama akawaambia vijana waishushe boti. Kisha akapanda juu ya lile tela lililoziba mlango wa karakana, akakaa, akatoa hindi la kuchoma kwenye khanga na kuanza kulitafuna, punje moja moja. Wenye mageti wakaja, geti halipiti. Fundi akamwomba ashuke, mama akamwuliza kama ana chumvi. Fundi akamwomba baba mkubwa amwambie shemeji yake, baba mkubwa akamwambia kwa Kifipa maneno ambayo sitayaandika, mama akamjibu kwa Kifipa maneno ambayo yeye baba mkubwa asingependa niyaandike. Mimi nilikuwa nimesimama na aibu yangu yote ya darasa la nne, natamani ardhi inimeze, na hapo hapo natamani asishuke.

Hakushuka. Hindi likaisha, akatoa la pili. Wenye mageti wakaanza kumgombeza fundi badala ya mama. Jua lilipogeukia magharibi Fundi Osi akawasha mashine ya kukatia, cheche zikaruka, na mama akasogea kidogo tu, kadiri ya kuokoa khanga. Kuta zikaondoka. Zikawekwa mbao mbili nene, zimechongwa kufuata tumbo la boti, na juu yake vipande vya tairi kuukuu ili isichubuke. Safari hii boti ilipowekwa, Masanja alisukuma kwa mabega yote mawili. Ikakataa.

Jumamosi kabla hakujapambazuka sawasawa tukaondoka, Mzee Nassoro kwenye usukani, mama kati, mimi dirishani, boti nyuma na magunia ya maharage ya kuuza ziwani yamelazwa ndani yake. Watoto wa Mazwi wakakimbia nyuma yetu wakiimba Safina, Safina. Mama akateremsha kioo, akawapungia mkono kama kiongozi.

Pale barabara inapoanza kuanguka kuelekea ziwani, Mzee Nassoro akaacha hadithi zake. Kuna kona ambazo ukizitazama unaona mabati ya nyumba za chini kabla ya kuona barabara. Tukaingia kwenye korongo lililochimbwa na mvua, pikapu ikaruka, na nyuma tukasikia mshindo mmoja mzito. Mzee Nassoro akafunga breki. Hakuna aliyetaka kushuka wa kwanza. Mama akafungua mlango, akairuka miguu yangu na kwenda nyuma, nikamwona kwenye kioo anainama, anapapasa chini ya boti kama anayetafuta kitu mvunguni.

Akarudi akakaa.

"Vipi?" akauliza Mzee Nassoro.

"Ni magunia tu, boti imekaa. Endesha."

Wavuvi walikuwa wameketi ufukweni Kabwe, mmoja ameshashika kamba ya boti ya jirani. Walipotuona wakasimama. Tela liliingia kinyumenyume mpaka maji yakafika kwenye rimu, boti ikaelea bila kusukumwa, na yule aliyeshika kamba ya jirani akaiachia bila kuaga.

Siku hizi kila mtu ana jina la kutisha kwenye simu, kapteni fulani, bosi fulani, na mtandao ukikatika analia. Keni na rika lake wanapanda ndani ya boti ikiwa uani, kwa kuwa iko juu kidogo na mtandao unashika vizuri, wanakaa humo mchana kutwa wameinamisha shingo, na hakuna hata mmoja anayewaza kuwaambia wenzake wasukume. Nikiwatazama nawaonea huruma. Mteremko upo. Tela lipo, sasa hivi lina rangi ya kijani, na hakuna atakayelivunja. Sisi tuliishi na vitu vilivyovunjika, tukachapwa kwa ajili yavyo, na tukawaona mama zetu wakikaa juu ya chuma mbele ya watu wanaocheka mpaka chuma chenyewe kikakatwa. Mniambie kizazi kipi kimepata hasara.

Ule msimu, tela lilirudi tupu nyuma ya pikapu na likaegeshwa uani. Haikupita hata wiki baba mkubwa akaja. Mama alikuwa amerudi na mzigo wa kwanza wa boti yake, anapasua migebuka kwenye karai. Baba mkubwa alilizunguka lile tela, akapiga teke tairi, akabonyeza springi, akasema limetulia, na kwamba ana mahindi yake bado yako shambani, na kwa kuwa tela limekaa tu bila kazi, angelichukua kesho asubuhi.

Mama hakuinua kichwa. Alisema, "Nunua boti kwanza, shemeji, halafu uje tuzungumze habari ya tela."