Usikaze Kifuniko

Juzi niliona video ya kijana akiwafundisha wanaoanza kutia pombe ya nyumbani kwenye chupa, na papo hapo nikasikia harufu ya muratina ya babu, ile asali iliyochacha.

Kwake Mau Narok, babu alimimina, mimi nikafunga. Kwa kila chupa alinikumbusha, "Usikaze kifuniko, Shiru. Hii bado iko hai, inapumua. Ukiinyima pumzi itapasuka." Niliweka sikio kwenye chupa nikaisikia kweli ikinong'ona, nikaamini kila kinachofungiwa ndani hupumua.

Wiki mbili baadaye babu alikufa. Alasiri ya mazishi ilinuka vanishi na nyasi zilizokanyagwa. Fundi alipotoa bisibisi kufunga jeneza, nilipiga kelele, "Usikaze! Usikaze sana!"

"Huyu mtoto atolewe hapa," mjomba akafoka.

Mama, binti yake babu, alinibeba, akaninong'onezea, "Nyamaza, Shiru. Hajakaza sana."

Leo najua kwenye chupa ilikuwa gesi tu. Nisichojua, na naogopa kumuuliza mama, ni kama alisema hivyo kunituliza, au naye pia alikuwa akiutazama mkono wa fundi.