Mahali Mtoto Anaposhinda Mchana

Asubuhi yangu ya kwanza katika ofisi ya ustawi wa jamii, Homa Bay, miaka michache baada ya Uhuru, Bwana Afisa alinikabidhi fomu ya kaya. Kaya, alinieleza, ni watu wanaolala chini ya paa moja. Kila dalili ya hatari kwa mtoto ilikuwa na alama yake: mlezi mzee, paa linalovuja, pombe, jeraha mwilini. Alama zikizidi kumi, mtoto ahamishwe. Nilisali, nikapanda basi la Rangwe.

Huko nilifika katika boma la mfanyabiashara mmoja. Nyumba yake ya mabati, aliyoishi na mke mpya, ilipata alama mbili tu. Nyumba ya nyasi ya mama yake mzazi ilipata kumi na mbili, kwa kuwa humo alilala Atieno, binti wa mfanyabiashara huyo, wa miaka minane, yatima wa mama, mwenye kidonda cha moto mkononi. Nilijaza, nikatia sahihi.

Bwana Afisa aliandika barua: Atieno ahamie kwa baba yake, kwenye nyumba salama. Nikatumwa kuipeleka.

Nilimkuta bibi akianika mtama. Nilipomsomea, Atieno alikimbilia ndani.

"Nyathina," bibi aliniita, yaani mwanangu, "analala kwangu kama wasichana wote wa boma. Wewe si Mjaluo? Lakini mchana anashinda kule kwenye mabati, anapika. Yule mama wa kambo alimmwagia uji wa moto kule."

"Mbona hukuniambia, dani?" nilimwuliza, nikimwita bibi kwa Kijaluo.

"Uliniuliza mbele ya mwanangu, baba yake. Tena uliuliza analala wapi. Serikali yako huona usiku tu, kama bundi?"

Niliona haya. Mimi mwenyewe nililala kwa nyanya yangu mpaka nikaolewa.

Nilirudi ofisini na barua ile ile.

"Fomu haidanganyi," alisema Bwana Afisa.

"Mimi ndiye niliyeijaza vibaya, Bwana."

"Na bado uko kwenye majaribio ya kazi. Unajua?"

"Najua."

Alichukua kofia yake. "Twende wote."

Kule bomani alimwuliza Atieno peke yake, amechuchumaa ili walingane kimo. Jioni hiyo baba aliamriwa mbele ya chifu: mtoto ale, alale na ashinde kwa bibi yake.

Baadaye nilihamishiwa Migori, kisha Kegonga kwa ndugu zetu Wakuria, ambako nyumba zina mpangilio wake. Kila mahali niliongeza swali kwa mkono: mchana mtoto yuko na nani? Hata hivyo halikutosha. Anayemchoma mtoto hamwambii mgeni mwenye kalamu, na anayejua huogopa kusikika.

Nilistaafu bila kuipata fomu inayotosha. Vijana wa kazi hii wakinitembelea, huwaomba wasione aibu kurudi walikokwisha kupima. Namshukuru Mungu kwamba barua ile ya Atieno haikutumwa kwa posta. Ingefika, na ingetiiwa.