Kochi la Watu Watatu

Jumamosi, tarehe saba Machi. Jua limetoka, theluji imeanza kuyeyuka, na paa limedondosha maji mchana kutwa. Leo kochi limetoka nyumbani, na nataka kuandika lilivyotoka kabla sijaanza kujipa sifa nisizostahili.

Mambo yalianza na mgongo wa mume wangu. Yeye huendesha basi la shule, na baridi ya mwaka juzi mgongo ulimkaza hadi akawa anatoka kitandani kwa kubingirika. Akaambiwa atafute mazoezi ya polepole. Akapata darasa la wazee hapa Saint Louis Park, Minnesota, mwalimu ni mama mmoja kutoka Taiwani, mfupi, mcheshi, anayetembea kama mtu aliye ndani ya maji. Mgongo ukapona, hilo nakiri. Lakini pamoja na mgongo mzima, aliniletea nyumbani Utao, ile falsafa ya kale ya Wachina.

Mimi shule niliishia darasa la nane, kwa hiyo naandika nilivyoelewa. Watao wanasema dunia ina njia yake, na taabu zetu nyingi tunazipata kwa kuisukuma. Maji hayashindani na mtu, yanashuka mahali pa chini bila kuona aibu, na bado yanafika. Anayetaka vichache hubaki na nafasi moyoni. Hata wakubwa wa nchi, wakiacha kuwakaba watu kwa amri juu ya amri, watu hupatana wenyewe. Haya alinieleza jikoni nikikata sukuma, na kusema kweli nilipenda kumsikiliza. Miaka mingi mazungumzo yetu yalikuwa ya shifti na bili.

Siku nyingine akaniambia kwamba Watao wanasifu kijiji kidogo, ambako watu wameridhika na hawana hamu ya kwenda mbali. Nikamuuliza, na sisi tuliopanda ndege mbili kuja huku? Akafikiri, akasema atamuuliza mwalimu. Alimuuliza kweli. Mwalimu akajibu kwamba hata yeye alipanda ndege mbili.

Tatizo ni kwamba tangu aanze mambo hayo, hagombani. Namchokoza, anatabasamu. Nikamwambia, "Mzee, rudi tugombane kama watu." Akacheka mpaka akashika mgongo.

Kisha akaigeukia sebule. Sebule yetu ilizungukwa na makochi ukuta kwa ukuta, kama nyumba nyingi za kwetu, yote yamevishwa vitambaa nilivyofuma mwenyewe, na kupita katikati ni lazima upite kwa ubavu. Akasema lile la watu watatu tungelitoa, chumba kipumue, maana hata mwalimu wake hukaa chini, mkekani. Bakuli lenyewe, akasema, linafaa kwa sababu ndani ni tupu.

Nilikasirika kuliko ilivyostahili. Nilipofika Minnesota nililala kwenye chumba cha chini cha nyumba ya watu, na mgeni akinijia alikalia sanduku langu. Nikajiapiza kwamba nikipata kwangu, hakuna atakayekosa pa kukaa. Mama yangu alipofariki kule kwetu nami nikashindwa kusafiri, watu walijaa humu, wengine wametoka mbali, Anoka, kwenye barafu, wakaimba nami mpaka sauti zikakauka. Nilikalishwa kwenye kochi hilo, wanawake wawili wamenishika mikono. Ni haki niseme pia kwamba aliyefungua mlango na kupika chai siku ile yote alikuwa yeye.

Nikamwambia, "Sisi tulikaa chini kwa sababu hatukuwa na kiti. Mwalimu wako anakaa chini kwa kupenda. Si kitu kimoja."

Akajibu, "Hapo umesema kweli, mama. Basi likae. Sitaligusa mpaka useme wewe."

Na hakuligusa, wala hakulitaja. Nilingoja anisukume ili nikatae, hakunisukuma. Mwaka ukapita.

Mwezi uliopita alikuja mwenzetu mpya kazini kwangu, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mwanamke Mkongomani mwenye watoto wawili. Jioni moja theluji ilikuwa nzito, nikampa lifti hadi kwake Inver Grove Heights, akanisihi niingie. Kulikuwa na kiti kimoja cha plastiki. Akakipangusa kwa kitenge. "Kaa kwa kiti, mama." Yeye na watoto wakakaa juu ya blanketi, miguu wameinyoosha, wanataniana, na mimi huko juu peke yangu kama mwenyekiti wa mkutano.

Sitasema niliamua pale pale. Nilirudi nyumbani nikalikalia kochi langu nikalisikia gumu. Baadaye nikamuuliza kazini, kwa kuzungukazunguka, kama angelichukua.

Akaniangalia. "Mama, kama ni ya kunihurumia, acha."

"Si ya kukuhurumia," nikasema. "Nitakuwa nakuja kulikalia."

"Basi lete. Lakini ukija, uje na njaa."

Leo kaka wa yule Mkongomani amekuja na pikapu. Vitambaa nimeviacha juu ya kochi, havingefaa kochi lingine. Sikulia, ingawa nilikuwa nimejiandaa. Aliyeduwaa ni mume wangu. Alisimama penye pengo, mikono kiunoni, akiangalia alama za miguu ya kochi kwenye zulia.

"Sasa mchana nitalala wapi?" akauliza. Kumbe kila siku, akishapeleka watoto shule, alikuwa analala hapo.

"Muulize mwalimu," nikamwambia.

Sijui kama nimeufuata Utao au nimefuata aibu yangu kwenye kile kiti cha plastiki. Pengine vyote viwili. Chumba kimekuwa kikubwa, na sauti zetu zinasikika tofauti.

Jioni tumekula ugali, sukuma, na samaki wa kukaanga aliyebaki jana. Mzee alitandika mkeka kwenye pengo ili ale chini. Mimi nilikaa kwenye kochi la wawili, na ugali haujafika nusu alikuwa ameshapanda na sahani yake, amekaa kando yangu.