Msifunge matawi mbele ya gari kulinda rangi: yaliyotupata sisi Karuba

Wakuu, salamu kutoka Karuba, huku milima ya Masisi.

Mimi kawaida yangu ni kusoma na kupita. Lakini wiki hii mwenzetu mmoja aliuliza namna ya kulinda rangi ya mbele ya gari lake na mawe ya barabarani. Alijibiwa vizuri. Halafu mmoja akamwambia, najua ni utani, afunge matawi ya miti mbele kama kichaka na aendelee na safari. Watu wakacheka sana.

Mimi sikucheka. Nitawaeleza kilichotokea nyumbani kwetu, bila chumvi. Kijiji kizima ni shahidi.

Nianze na gari lenyewe.

Ni RAV4 ya zamani, rangi ya damu ya mzee. Tulilipata mimi na mdogo wangu Safari kwa ng'ombe wa Papa. Kuchunga milimani kulishakuwa kucheza na roho, Papa akaona bora wauzwe kuliko waibwe. Kwa hiyo lile gari kwetu si bati tu. Papa akilitazama anawaona ng'ombe wake, na hilo amelisema mwenyewe mara nyingi.

Safari ndiye dereva. Mimi nalima maharage na muhogo. Yeye anabeba abiria na jibini kutoka Sake kwenda Masisi na Walikale, na mara nyingine anapita Kitshanga hadi Mweso.

Sasa wanaoijua barabara yetu wanajua. Ukifuata lori kwa karibu, tairi zake zinakurushia mawe kama mtu aliyekukusudia. Na rangi hii ina ubaya wake: ikibanduka, chini yake kuna rangi nyeupe ya msingi. Baada ya miezi michache mbele ya gari palionekana kama mtoto mwenye tetekuwanga.

Safari aliumia. Kila jioni alipiga magoti mbele ya bampa (sisi tunasema parechoki) akipitisha kidole kwenye majeraha. Papa naye alikuwa anatazama kutoka mlangoni. Kunyamaza kwa Papa ndiko kulikomtesa Safari kuliko maneno.

Akajaribu kila kitu.

Alianza na gundi ya karatasi, ile pana ya kufungia makatoni. Ilishika vizuri, lakini siku ya kuitoa ikaondoka na rangi. Akafunga blanketi, injini ikachemka kwenye mpando wa Mushaki kwa sababu hewa haikuingia. Akashona ngozi ya ng'ombe, kabisa, akaivalisha kapo, yaani boneti, kama aproni. Ikanyeshewa, ikaoza, na mbwa wa soko la Sake wakaanza kuifuata. Hapo hata Papa alicheka.

Kicheko kiliishia hapo, maana Mama aliugua.

Lilikuwa tumbo. Safari alimpeleka hospitali ya Mweso, akapasuliwa. Dada yetu alibaki naye kumpikia. Siku za kwanza tulipata habari kwa simu, kwamba amefungua macho, kwamba amekunywa uji. Baadaye réseau, mtandao wa simu, ikakatika, kama kawaida yetu, na tukakaa bila habari.

Papa ni mtu wa maneno machache. Siku hizo aliyapunguza hata hayo machache. Asubuhi alikaa nje akitazama barabara, jioni aliingiza kiti ndani. Nilimwona anazeeka mbele yangu, wakuu, na sikuwa na la kumpa.

Sasa nieleze jambo moja kwa wasio wa huku.

Kwetu gari linalobeba maiti hufungwa matawi mabichi mbele. Ukiliona, unasimama kando ya barabara na kuvua kofia. Motari, ndivyo tunavyowaita waendesha pikipiki, anapunguza mwendo. Na hakuna anayelisimamisha gari hilo kuuliza ni nani amelala ndani. Kuuliza ni kukosa adabu. Utajua ukifika kwenye kilio.

Safari alipofika Mweso kumchukua Mama, akakuta bado hajaruhusiwa. Familia moja ikamwomba awabebee marehemu wao hadi kijiji cha karibu. Alikubali. Wakafunga matawi ya mkaratusi mbele, mengi, kwa waya, kama inavyotakiwa. Akaenda, wakazika, akarudi.

Alipokagua gari akaona ajabu. Barabara mbovu kuliko zote, malori mbele yake, na rangi haina jeraha jipya hata moja. Majani yalikuwa yamepokea mawe yote.

Desturi ni kuyatoa matawi palepale makaburini. Safari hakuyatoa. Alifikiria ng'ombe wa Papa.

Kesho yake hospitali ikamruhusu Mama. Alikuwa mzima, lakini kidonda hakikumruhusu kukaa, wakamlaza kiti cha nyuma na kumfunika kitenge. Dada akakaa mbele. Mama mwenyewe alituambia baadaye kwamba aliyaona yale majani kabla hajaingia, akasema, "Safari, toa ile majani. Mimi sijakufa."

Safari akamjibu, "Nitatoa Sake, Mama. Iko inachunga kapo tu."

Wakaondoka.

Njiani watu walisimama kando. Wanaume walivua kofia. Malori yaliwapisha. Safari anasema aliona ni safari nyepesi kuliko zote alizowahi kufanya, na hakutaka kujiuliza kwa nini.

Karibu na Kitshanga motari mmoja akawapita taratibu. Ni mtu wa kanisa letu, baba wa familia, mtu wa kuaminika. Alilijua gari kwa rangi yake, huku hakuna jingine. Aliona matawi. Aliona mtu amelala nyuma, amefunikwa. Alijua Mama alikuwa Mweso. Nani angefikiri tofauti? Mimi hadi leo simlaumu.

Mbele kidogo lori likakwama matopeni na kuziba barabara. Pikipiki ikapenya pembeni. Gari likabaki.

Nilikuwa shambani nikaitwa. Nilimkuta motari ameacha pikipiki chini, amepanda kwa miguu, kofia mkononi. Nilipoona ameacha pikipiki chini nikajua ni msiba.

Akamwambia Papa, "Pole, muzee. Safari iko njiani na Mama. Niliona matawi."

Papa akauliza kama amemwona. Motari akasema ameona mtu analala nyuma, wamemfunika kitenge. Papa akauliza kitenge cha rangi gani. Motari akasema cha kijani. Kilikuwa cha Mama.

Nilikimbia hadi mlima tunakoshikia réseau. Nikainua simu juu, nikazunguka, hakuna kitu. Nikarudi.

Papa alikuwa amekaa palepale. Kwetu maiti iliyosafiri kwenye jua hailazwi, inazikwa ikifika, na kutoka Mweso ni mbali. Papa akaniangalia akasema, "Muchimbe. Asifike akangojea inje."

Wakuu, mimi ni mtoto wa kwanza. Jembe la kwanza ni langu.

Nilichimba. Nyuma ya nyumba, karibu na shamba lake la maharage, mahali alipokuwa anapenda kupumzika akipalilia. Majirani walitaka kunipokea jembe, nikakataa. Niliona nikiacha kuchimba nitaanguka. Udongo wetu ni mweusi na laini, unachimbika upesi, na siku ile nilitamani uwe mwamba. Nilikuwa nalia bila sauti, jasho na machozi havikujulikana tena.

Juu wanawake walishaanza kilio. Mikeka ilitandikwa. Katekista alifika.

Kumbe Safari ametoka matopeni, amefika Sake, tairi ikapasuka. Kwa haraka ya kubadilisha tairi na Mama kulalamika kidonda, akasahau majani. Akapanda Mushaki nayo mbele.

Jua lilikuwa limeinama gari lilipotokea chini ya kilima. Kilio kikapanda. Wanawake wakateremka mbio kulilaki, mikono kichwani.

Sasa fikirieni Safari. Anafika nyumbani anakuta umati, vilio, mikeka. Hakuwaza majani hata kidogo. Alishuka, uso umekauka, akaniona mimi na udongo mwili mzima. Akauliza, "Ni Papa?"

Wanawake wakazidi kulia.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Mguu ukatoka. Kisha Mama akatoka, ameshika tumbo, amejifunga kitenge chake cha kijani.

Kilio kilikatika. Wengine walikimbia, na walikuwemo watu wazima na heshima zao.

Mama naye akawaza kama Safari. Akatuangalia wote akauliza, "Muzee iko wapi?"

Papa akatoka nyuma ya watu. Hakukimbia, hakupiga kelele. Alitembea hadi kwake, akamshika kiganja, akakaa nacho kama anayepima joto la mtoto. Kila mmoja alikuwa amemzika mwenzake kichwani mwake.

Papa akamwambia, "Umekula?"

Mama akasema bado.

Ningependa kuwaambia yaliishia hapo. Lakini shimo lilikuwa wazi nyuma ya nyumba.

Papa Kitsa, mkubwa wa ukoo wetu, akasema kaburi likishafunguliwa halilali wazi. Likikosa mtu wake linatafuta mwingine. Katekista alitikisa kichwa, akasema hayo ni mambo ya zamani, ila sikumwona akiondoka. Wakakata shina la mgomba, urefu wa mtu, wakalifunga kwenye mkeka uliokuwa umeandaliwa kwa ajili ya Mama.

Mama akasikia, akataka aende. Tulimkatalia. Akasema kama ni kaburi lake ana haki ya kuliona. Dada akamshika upande mmoja, mimi mwingine.

Alisimama pale ukingoni. Akaangalia chini, akaangalia shamba lake la maharage. Halafu akauliza, "Nani alianza kuchimba?"

"Ni mimi, Mama."

Akachukua mikono yangu akaigeuza. Ilikuwa na malengelenge.

Akasema, "Basi ile siku yenyewe ikifika, wewe usichimbe. Kazi yako ulishamaliza."

Kisha akaokota udongo, akautupa juu ya ule mgomba, wa kwanza kabla ya mtu yeyote. Katekista akaanza wimbo. Hapo ndipo nililia kwa sauti, mtu mzima mimi, mbele ya watu, na sioni haya kuandika.

Safari alikuwa mbele ya gari, anakata waya kwa koleo. Hakuna aliyemgombeza. Papa alimpita mara mbili, akaendelea na yake. Baadaye nilimfuata nikamkuta ameketi chini, matawi kando yake. Tuliangalia kapo pamoja. Waya ulikuwa umekwaruza kingo zote. Lakini mawe, kweli, hayakuacha hata alama.

Akaniambia, "Iko mazima yote, kaka." Akafunika uso.

Basi wakuu, kuhusu rangi, haya ndiyo tumejifunza.

Kaa mbali na lori, mbali kuliko unavyodhani. Ukishindwa kulipita, liache liende, kunywa chai. Mawe mengi tulijitafutia wenyewe kwa haraka.

Nta inang'arisha, haizuii jiwe. Msidanganywe.

Ile plastiki ya kunata isiyoonekana, wanayobandika Goma, inafanya kazi. Ibandikwe na anayejua, kwenye rangi safi, maana vumbi likibaki ndani linasaga. Safari ameweka kwenye parechoki na ukingo wa kapo. Kifuniko cha ngozi bandia si kibaya, ila kitoeni kikilowa, na kisizibe hewa ya injini.

Jeraha likitokea, paka rangi mapema kabla ya kutu. Jeraha la gari lina dawa.

Na matawi, hapana. Hata kama ni usiku, hata kama ni kilomita moja, hata kama umeamini watu watakuelewa. Barabarani huwezi kumweleza kila mtu. Watu wanasoma walichofundishwa na wazazi wao, na wana haki.

Mama anaendelea vizuri, analima. Safari anaendesha taratibu kama padri. Mwenye njia nyingine ya kulinda rangi kwenye barabara za mawe aandike hapa chini, tunasoma kila neno, na mwenye swali aniulize. Ila tuwe na huruma kwenye utani.

Aliyebaki na jeraha ni Papa. Siku hizi akisikia gari linapanda kilima, liwe letu ama la mtu mwingine, anaacha anachofanya na kutoka nje kutazama mbele ya gari hilo. Hatazami dereva wala abiria mpaka amemaliza kutazama mbele.

Leo Safari anarudi kutoka Walikale. Nasikia injini chini huko, na Papa ameshasimama.